Mfasiri Aujuaye Mpingo

Shika kinyago cha mpingo katika soko la vinyago mjini Arusha. Kwa Kiingereza wauzaji wengi hukiita cha ebony, na mfasiri anayetegemea kamusi peke yake ataandika ébène kwa Kifaransa. Amekosea mti. Ébène ni mbao za Diospyros. Mpingo ni Dalbergia melanoxylon, na Wafaransa huuita grenadille. Wanaujua sana, kwani klarineti na oboi zao huchongwa kwa mti huohuo. Tena, tangu 2017 jamii nzima ya Dalbergia imo katika CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini. Jina likikosewa kwenye hati, mzigo unaweza kukwama forodhani.

Shanga nazo zina mtego wake. Kiingereza hutenganisha bead na pearl, kama sisi tunavyotenganisha ushanga na lulu. Kifaransa huviita vyote perle. Mkufu wa Kimasai ukiandikwa collier de perles tu, msomaji wa Paris ataona lulu za baharini. Mjuzi ataandika perles de rocaille, yaani shanga ndogo za kioo.

Wafasiri wa Kiingereza na Kifaransa si wageni Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015, ilifanya kazi hapa kwa lugha hizo mbili, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ingali hapa. Lakini aliyezoea kufasiri hukumu si lazima aijue tezo ya mchongaji.

Basi utampataje mfasiri anayefaa kueleza kazi hizi za mikono kwa Kifaransa? Anza na mtu aliyekulia katika Kifaransa, maana ndicho atakachoandika. Orodha ya wanachama wa Société française des traducteurs, chama kilichoanzishwa 1947, ni mlango mmoja. Omba kuona katalogi za maonyesho au za makumbusho alizowahi kufasiri. Kisha mpe kipande kifupi, umlipe, pamoja na picha za kazi yenyewe.

Usiangalie tafsiri tu. Angalia na maswali yake. Mti gani huu? Shanga ni za kioo au za mfupa? Kinyago hiki ni cha mtindo wa ujamaa, watu wakibebana, au cha shetani? Anayeuliza hivyo mkutanishe na fundi, kwa sababu majibu yote anayo yeye.