Jiko la Shughuli Lipimwe Mlangoni

Mpishi wa shughuli akimpelekea fundi chuma picha ya jiko la Kimarekani, yaani bomba nene lililolazwa juu ya trela, sanduku la kuni upande mmoja na dohani upande wa pili, fundi hatashindwa kulitengeneza. Lakini jiko hilo limebuniwa kwa uwanja mpana na nyama kubwa, na Mji wa Kale wa Mombasa hauna uwanja wa namna hiyo, wala harusi zake hazidai nyama hiyo. Rai yangu ni kwamba vipimo vianzie kwenye mlango wa nyumba yenye shughuli, virudi nyuma hadi kwenye gari. Ukipima hivyo, jiko litagawanyika lenyewe: trela la kubebea linaloishia barabarani, na majiko madogo yanayoshuka na kuingia mjini. Hata Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita ndiyo njia kuu, gari moja likisimama kushusha mzigo, la nyuma lingoje. Ukiingia vichochoroni, chombo cha kutegemea ni mkokoteni. Si mara ya kwanza kisiwa kupunguza magurudumu yake. Reli nyembamba ya futi 2 iliyoanzwa na Imperial British East Africa Company mwaka 1890 haikufika mbali bara, na vyuma vyake vikaishia kisiwani, vikipitisha vigari vilivyosukumwa na watu mpaka motokaa zikavipokonya kazi.

Nyama nayo inadai hivyohivyo. Bomba la Kimarekani hupika kwa hewa moto na moshi, kwenye joto la nyuzi 110 hivi, kwa saa nyingi, kwa sababu kidari cha ng'ombe kina mishipa migumu isiyolainika upesi. Mshikaki hauna haja ya subira hiyo. Vipande vyake ni vidogo, na ulaini wake umeshaandaliwa na papai bichi, ambalo kimeng'enya chake hukata protini kabla moto haujawashwa. Unachotaka ni mng'aro wa makaa kwa karibu, dakika kumi hivi, na mkono wa kuugeuza. Kwa hiyo kipimo cha jiko ni urefu wa ukingo, si ukubwa wa tumbo. Tuseme wageni ni 300 na kila mmoja ana mishikaki 3: jumla 900. Kila mshikaki ukipewa sentimita 4, mita moja ya jiko inabeba 25. Kwa mizunguko mitano ya dakika 12, hiyo ni 125 kwa saa. Majiko manne ya mita moja yatamaliza kazi kwa saa mbili kasoro. Kila moja, likiwa na upana wa sentimita 20 na kina cha 15, kwa bati jeusi la milimita 3, lina kama kilo 13 bila miguu. Bomba la mita 2 lenye kipenyo cha sentimita 60, kwa bati la milimita 6, linapita kilo 200 kabla hujaweka sanduku la moto. Hilo nani atalishusha?

Kuna atakayesema: basi nyama ichomwe kwenye trela, ipelekwe ndani imeiva. Kwa mbuzi mzima nakubali, na ndiyo maana pipa lenye kifuniko linaweza kubaki juu ya trela. Mbuzi anahifadhi joto lake. Mshikaki ukifunikwa kwenye sufuria hutoa mvuke, ule ukavu wa moto ukalowa, na uliokuwa wa kuchoma ukaonja kama wa kuchemsha. Pingamizi zito zaidi ni moshi kwa majirani wa ghorofani, maana kichochoroni upepo wa bahari haufiki vizuri. Jibu lake si gesi peke yake: mafuta ya nyama yakidondokea kitu chenye moto mkali yatafuka hata kwa gesi. Mkaa wa vifuu ulioiva vizuri hufuka kidogo, nyama ikatwe isiwe na mafuta mengi, na moto uwashwe uani palipo wazi. Ndani ya chumba, hapana. Hewa ya mkaa huua bila harufu.

Chumvi ya bahari itamshawishi mteja aagize kila kitu kwa mabati yenye zinki. Fremu ya trela, sawa. Panapogusa moto, hapana: zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na moshi wake huleta homa kwa anayeuvuta, akiwemo fundi anayechomelea. Pipa la mafuta la lita 200 nalo ni jembamba, takriban milimita moja, na rangi yake ichomwe mpaka iishe kabla chakula hakijakaribia. Baada ya hapo ni kupanga mzigo: majiko na magunia ya mkaa yakae mbele kidogo ya ekseli, ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote iegemee kwenye ndoano ya gari. Ukirundika nyuma, trela litayumba ukishika mwendo, nawe ungali Daraja la Nyali.