Uzito wa Ndege na Hewa Inayoachwa Nyuma

Abiria wa Cessna Caravan anayesubiri kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar anaweza kuona Boeing 787 ikipaa, njia ya kurukia ikabaki tupu, na ndege yake bado haisogei. Dakika mbili zinapita. Hakuna kilichoharibika: mwongoza ndege anasubiri hewa itulie.

Bawa huibeba ndege kwa sababu mgandamizo wa hewa chini yake ni mkubwa kuliko wa juu. Kwenye ncha za mabawa, hewa ya chini hupata upenyo wa kukimbilia juu, na katika kukimbia huko hujiviringa. Kila ncha huacha nyuma mzunguko mmoja mrefu, mfano wa kamba inayosokotwa. Mizunguko hiyo miwili ndiyo msukosuko ambao mwongoza ndege anasubiri utulie. Hautokani na injini, kama wengi wanavyodhani. Huanza ndege inapoinua pua ili kuruka, na hukoma inapokuwa imeshatua.

Mvuvi wa ngalawa huliona wimbi la meli iliyopita, akageuza chombo kulikabili. Rubani haoni kitu. Tena mizunguko hii huzama taratibu, ikishuka chini ya njia iliyopitiwa na ndege kubwa. Ndiyo maana anayefuata hujitahidi kukaa juu ya njia hiyo. Karibu na ardhi hutawanyika pembeni, na hapo upepo mwepesi wa ubavuni ni wa kuogopwa, kwani unaweza kuushikilia mzunguko mmoja palepale juu ya njia ya kurukia.

Kwa kuwa nguvu ya mizunguko hukua pamoja na uzito, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) liligawa ndege kwa kilo. Nyepesi haizidi kilo 7,000. Nzito huanzia kilo 136,000. Zilizo katikati huitwa za kati, na Airbus A380 imetengewa daraja lake juu ya zote. Uzito unaohesabiwa ni ule wa juu kabisa ulioidhinishwa kwa kuruka. Kwa hiyo 787 yenye viti vitupu hubaki nzito, na rubani wake hulitamka neno hilo anapojitambulisha redioni. Kwenye rada, ndege nyepesi hukaa maili 6 za baharini nyuma ya nzito, na 8 nyuma ya A380.

Lakini uzito si kipimo pekee. Mwendo mdogo huongeza nguvu ya mizunguko. Mabawa marefu huipunguza. Boeing 757, kwa kilo zake, ni ya kati. Desemba 1993, huko Santa Ana, California, ndege ndogo ya jeti iliyokuwa ikiifuata 757 kutua ilipinduliwa na msukosuko huo, na wote watano waliokuwemo wakafa. Baadaye Marekani iliongeza umbali nyuma ya 757, na Ulaya ikaandaa madaraja sita yanayozingatia pia upana wa mabawa.

Naona Ulaya imefanya sawa. Hata hivyo, madaraja pekee hayatoshi: marubani wa Santa Ana walikuwa wakitua kwa kutazama ndege iliyo mbele yao. Katika utaratibu huo, anayefuata ndiye anayebeba jukumu la kutunza umbali, naye hawezi kuuchagua vizuri asipoelezwa waziwazi ni ndege gani inayomtangulia na inapita wapi.