Je, Wajua? Kilwa ililipa dhahabu na bado ikavamiwa

Je, wajua kwamba dhahabu ya Kilwa iko Lisbon mpaka leo? Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani na merikebu zenye mizinga, akamwambia mtawala wa mji, Amir Ibrahim, achague moja: alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, au mji upigwe. Ibrahim akalipa. Mfalme Manuel alipoipokea dhahabu ile aliamuru itengenezwe chombo cha ibada cha kanisa, kilichokamilika mwaka 1506 na kujulikana kama Custódia de Belém. Kimewekwa katika jumba la makumbusho la sanaa za kale la Lisbon, na maandishi yake yanasema wazi kwamba dhahabu hiyo ni ya kodi ya Kilwa. Ni mporaji gani mwingine aliyewahi kuacha risiti namna hiyo?

Na kodi hiyo haikuinunulia Kilwa amani ya kudumu. Julai 1505 alikuja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na kundi kubwa zaidi la merikebu, akadai kodi ya nyuma na kumtaka Ibrahim aende kuonana naye. Masimulizi ya Wareno yanasema Ibrahim aliomba radhi: alikuwa njiani, paka mweusi akamkatiza, kwa hiyo mapatano yoyote ya siku ile yasingedumu. Tunaweza kumcheka, lakini mtu asiye na mizinga wala jirani wa kumwita atasema nini zaidi? Tarehe 24 Julai askari wakashuka, mji ukaporwa, Ibrahim akakimbia. Almeida akamtawaza Muhammad Ankoni, tajiri wa mjini, kwa taji ambalo lilikuwa limekusudiwa mfalme wa Cochin huko India. Akajenga na ngome. Ankoni aliuawa mwaka uliofuata, na kufikia mwaka 1512 Wareno walikuwa wameiacha Kilwa. Ukivuka leo kwa boti kutoka Kilwa Masoko utaonyeshwa ngome iitwayo Gereza palepale ufukweni. Sehemu kubwa unayoiona ni ya Waomani, waliojenga juu ya mabaki ya Wareno.

Je, wajua majirani walifanya nini? Masimulizi ya safari ile hayataji mji hata mmoja uliokuja kuisaidia Kilwa. Mombasa ilipata habari mapema na ikajiandaa, ila kwa ajili yake peke yake. Inasimuliwa kwamba Mreno mmoja aliyekuwa amesilimu na kuhamia Mombasa aliwapigia kelele wenzake wa zamani kutoka ufukweni: hapa hamtakuta kuku wa kuchinja kama wale wa Kilwa. Wiki tatu baada ya Kilwa, katikati ya Agosti, Mombasa ikachomwa moto. Sultani wake aliporudi na kukuta mji umejaa maiti, alimwandikia barua mtawala wa Malindi kumweleza yaliyompata ili naye ajihadhari. Nadhani hiyo ndiyo barua ya kusikitisha kuliko zote za historia ya pwani yetu, kwa sababu Malindi ilikuwa rafiki wa Wareno tangu mwaka 1498 na haikuona haja ya kujihadhari.

Urafiki huo nao ulikuwa na bei yake. Wareno walipojenga Fort Jesus mwaka 1593 walimhamisha mtawala wa Malindi, wakampa usultani wa Mombasa. Mwanawe Hasan aligombana nao, akauawa mwaka 1614 kwa njama zao. Yusuf, mwana wa Hasan, waliyemsomesha Goa na kumbatiza, aliigeukia ngome yao mwaka 1631 na kumwua kapteni wao kwa mkono wake.

Njia nyingine ya mdogo kujiokoa ni kumwita mkubwa wa kumpiga mkubwa. Watu wa pwani waliiomba Oman msaada, na Desemba 1698, baada ya mazingiwa ya karibu miaka mitatu, Fort Jesus ikaanguka. Tatizo ni kwamba mwokozi hakuondoka. Miaka ya 1780 Waomani waliikalia Kilwa yenyewe, na katika miaka ya 1840 sultani wake wa mwisho akapelekwa uhamishoni Muscat.

Je, wajua kwamba Mkoa wa Lindi, ilipo Kilwa yenyewe, una jibu tofauti kabisa? Liko Nachingwea, mahali ambapo Waingereza walijaribu kilimo cha karanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kushindwa vibaya. Katika miaka ya 1960 Tanzania iliwapa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, kambi huko, na wapiganaji waliofundishwa Nachingwea wakavuka Ruvuma kwenda kupigana na Wareno walewale. Haikuwa siasa ya maneno matupu: mpaka ulikuwa karibu, na Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO. Mei 1975 kiongozi wa FRELIMO, Samora Machel, aliondoka Nachingwea kuanza safari ya kuvuka nchi yake yote hadi Maputo, ambako uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Tanzania kuvamiwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera, na Novemba mosi Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Rais Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani. Umoja ukaleta wasuluhishi, kana kwamba aliyevamia na aliyevamiwa wana ugomvi wa mpaka wa shamba. Nchi chache tu zilisema wazi kwamba Amin kakosa. Libya ilimpelekea Amin askari. Msumbiji ikaipelekea Tanzania kikosi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Julai ile, katika mkutano wa Monrovia, aliyelaumiwa na viongozi Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria alikuwa Nyerere, kwa kuvuka mpaka. Gharama ya vita, inayokadiriwa kuwa dola milioni 500 au zaidi, Tanzania iliibeba yenyewe. Wanajeshi wake waliondoka Uganda mwaka 1981, jambo ambalo Oman haikulifanya Kilwa.

Ungetegemea nchi yenye kumbukumbu hiyo iwe ya kwanza kunyoosha mkono. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura kuitaka Urusi iondoke Ukraine, nchi 141 zilisema ndiyo, 5 hapana, na 35 zikajizuia. Kenya ilisema ndiyo. Tanzania, Uganda na Msumbiji zote zilijizuia. Zilikuwa na hoja zake za kutofungamana na upande wowote, lakini ukweli ni kwamba mwaka 1978 Tanzania ilikataa hoja ya namna hiyohiyo ilipotolewa na wengine.

Rwanda nayo ilisema ndiyo siku ile. Lakini mji wa Goma, mashariki mwa Congo, ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuripoti kwamba wanajeshi wa Rwanda wako pamoja na waasi hao, jambo ambalo Kigali ililikanusha. Tarehe 8 Februari viongozi wa Afrika Mashariki na wa jumuiya ya Kusini mwa Afrika, SADC, walikutana Dar es Salaam. Walitaka vita visimame na majeshi ya nje yasiyoalikwa yaondoke Congo, bila kutaja ni ya nani. Baraza la Usalama liliitaja Rwanda kwa jina tarehe 21 Februari. Mji wa Bukavu nao ulikuwa umeangukia mikononi mwa M23 siku chache kabla.