Hisabati ya mwafaka: Nani anasikizwa kikaoni?

Neno mwafaka lina mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa afiki na afikiana. Katika vikao vya istilahi ambavyo nimehudhuria kwa miaka mingi, husemwa mwafaka umepatikana pale wajumbe wanapoacha kubishana. Wanahisabati hawaridhiki na hilo. Wao huuliza: kila mjumbe alianza na maoni gani, na alimsikiza nani kwa kiasi gani?

Mwaka 1974, Morris DeGroot, mwanatakwimu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alilijibu swali hili kwa hesabu nyepesi ajabu. Chukua watu wanaokadiria jambo wasilo na hakika nalo. Kila mmoja hugawa imani yake, asilimia 100 kamili, baina yake na wenzake. Kisha hurekebisha kadirio lake kulingana na mgao huo. Zoezi hurudiwa hadi makadirio yaache kusonga.

Hebu tujaribu. Tuseme wajumbe wawili wanapima uwezekano wa neno tarakilishi kulishinda kompyuta vinywani mwa watu. Mwenyekiti, profesa kama mimi, anasema asilimia 80. Mwalimu wa sekondari, anayeshinda na vijana kutwa, anasema 20. Mwenyekiti anajiamini kwa asilimia 90 na kumwachia mwalimu 10. Mwalimu, kwa adabu, anagawa nusu kwa nusu.

Raundi ya kwanza inampeleka mwenyekiti 74 na mwalimu 50. Ya pili, 71.6 na 62. Ukiendelea, wote wawili wanakaribia 70. Mwafaka huo, tena bila ugomvi!

Lakini tazama nani amesafiri. Mwenyekiti amesogea hatua 10, mwalimu 50. Ni uwiano uleule wa imani waliyopeana mwanzoni, na hakuna ushahidi wowote mpya kuhusu neno lenyewe ulioletwa mezani. Mwenyekiti angejiamini kwa asilimia 100, mwalimu angeburutwa hadi 80. Na kama kila mmoja angejisikiza mwenyewe tu, wangebaki walipo hadi chai iishe.

Hili si jambo dogo. Istilahi ikishaingia kitabuni, mwanafunzi ndiye anayekosolewa akiandika vingine, ilhali aliyekaribia matumizi yake zaidi pale mezani huenda ndiye aliyesikizwa kidogo zaidi. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, ila katika hesabu hii heshima ni namba.

Dawa mojawapo ilibuniwa miaka ya 1950 katika shirika la RAND, California, na watafiti wakiwemo Norman Dalkey na Olaf Helmer. Waliiita Delphi, jina la mahali ambapo Wagiriki wa kale walienda kuuliza yajayo. Wataalamu hujibu kwa maandishi, bila majina kujulikana. Mratibu huwarudishia kadirio la katikati na jinsi majibu yalivyotawanyika, na aliye mbali na wenzake huombwa atoe sababu. Kisha wote hukadiria upya. Hapo sababu husomwa bila kujulikana zimetoka kwa profesa au kwa mwalimu.

Nayo Delphi ina walakini. Mtu akishaona wengi wamesimama wapi, huvutwa huko hata kama hajashawishika. Isitoshe, nusu ya kikao ikisema 80 na nusu nyingine 20, katikati ni 50, kadirio ambalo hakuna hata mjumbe mmoja aliyelitoa!

Ndiyo maana napendekeza raundi ya kwanza ya vikao vyetu iwe ya siri, na mtawanyiko wa makadirio uhifadhiwe kwenye kumbukumbu pamoja na istilahi iliyopitishwa. Mhariri wa kitabu cha shule akikuta neno lililoigawa kamati nusu kwa nusu, ataweza kuyachapa yote mawili, tarakilishi na kompyuta, na kuacha matumizi yaamue.