Je, Wajua? Maajabu ya Bahari ya Pemba

Ukingoni mwa shimo la mita 800

Mkondo wa bahari kati ya Pemba na Tanga una kina cha takriban mita 800. Pandanisha majengo matano marefu kama yale ya PSPF ya Dar es Salaam, na bado paa la juu kabisa litakuwa chini ya maji! Ndiyo maana upande wa magharibi wa Pemba unaweza kuogelea juu ya matumbawe yanayoonekana wazi, ukapiga mateke machache tu, na chini yako pakawa buluu tupu isiyo na mwisho.

Kina hicho kimeandika historia ya kisiwa. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya dunia, bahari ilishuka kwa zaidi ya mita 100 na Unguja ikaungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa. Upweke huo wa muda mrefu umeizalia viumbe wasiopatikana kwingine popote, akiwemo popo mkubwa wa Pemba, mla matunda, ambaye mabawa yake yakitandazwa hufikia mita 1.6. Ukitoka ufukweni mchana, pita Kidike ukawaone wakining'inia mitini.

Pono hulala kweli

Wahenga wetu waliosema mtu amelala usingizi wa pono walikuwa wachunguzi hodari. Usiku pono hujibanza kwenye matumbawe, na baadhi ya aina zake hujifunika ute mwilini mzima kabla ya kulala. Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba ute huo hufanya kazi ya chandarua: huwazuia vijidudu wanyonya damu wa baharini.

Mchana pono ni kiwanda. Hung'ata matumbawe yaliyokufa ili apate mwani, husaga mawe kwa meno yaliyo kooni, kisha huyatoa yakiwa mchanga mweupe. Pono mkubwa mmoja anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka! Zamisha kichwa ukae kimya, utamsikia akitafuna.

Kisiwa kilichogeuka msala

Misali, kisiwa kidogo magharibi mwa Chake Chake, kina simulizi inayopendwa sana. Inasemekana Nabii Khidhri alifika hapo, akaomba msala wa kusalia, usipatikane. Akasema kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea Makka, kitakuwa msala wake.

Mwaka 1998 Misali ikawa eneo la hifadhi, na wavuvi wanaopiga dago, yaani kambi, pale wakaendelea kuvua, isipokuwa sehemu iliyotengwa ili samaki wazaliane. Kinachonivutia zaidi ni njia iliyotumika kupambana na uvuvi haramu kama ule wa baruti: mafunzo ya Kurani kuhusu dhamana ya binadamu juu ya viumbe, yakitolewa na masheikh. Kwa jamii ya Pemba, hoja hiyo ilikuwa na uzito mkubwa.

Joto huamua kasa dume au jike

Kasa huja kutaga Misali, na tundu moja huweza kuwa na mayai 100 na zaidi. Mchanga ukiwa na joto kali huanguliwa majike, ukipoa huanguliwa madume. Usikanyage wala kuchimba penye alama za kutaga.

Kitanda katikati ya samaki

Tangu 2013, kaskazini mwa Pemba kuna chumba cha hoteli kinachoelea. Chumba cha kulala kiko mita 4 chini ya uso wa bahari na kimezungukwa na madirisha. Humo samaki ndio wanaomchungulia mgeni.

Kabla ya kukodi mashua, uliza mwezi

Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kujaa na ya kupwa huweza kupishana kwa karibu mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi, saa ileile wageni wengi wanapotaka kuanza safari! Mashua hukwama, na mwogeleaji huhatarisha magoti yake na matumbawe pia. Basi muulize nahodha, "Leo mwezi ngapi?" Akijibu saba au nane, ni maji mafu: mikondo ni dhaifu, na asubuhi maji hayatakuwa mbali na ufukwe.