Je, Wajua? Lupita na lafudhi yake

Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico mwaka 1983, akalelewa Kenya, kisha akasomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Huko alijinoa kuongea Kimarekani hata nje ya darasa, akiamini bila hivyo kazi hatapata. Filamu ya 12 Years a Slave, ambamo alicheza mtumwa, ilipotoka 2013, akageuza nia: kwenye mahojiano ataongea kama Mkenya, ili wasichana wa kwao wasidhani mafanikio yanataka ulimi wa kuazima. Haikuwa rahisi. Kinywa kilikuwa kimeshazoea kwingine.

Tuzo ya Oscar aliyoshinda 2014 kwa nafasi hiyo ya mtumwa ikamletea maombi ya kucheza mtumwa tena na tena! Alikataa. Badala yake akapanda jukwaani New York katika tamthilia ya Eclipsed ya Danai Gurira, kuhusu wanawake waliotekwa vitani Liberia, akicheza binti asiyetajwa hata jina. Kwa nyota aliyetoka kushinda Oscar, huo ni uamuzi wa kijasiri. Mwaka 2016 akaonekana kwenye Queen of Katwe, safari hii akiwa mama yake Phiona Mutesi, mchezaji wa sataranji wa Kampala.