Kufufua Land Cruiser kuukuu nyumbani: chasisi kwanza, rangi mwisho

Wafanyabiashara wanaovuka Tunduma kwenda Zambia, au Rusumo na Kabanga kwenda Rwanda na Burundi, hawahitaji kuelezwa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ni gari gani. Ndiyo ile ambayo Watanzania wengi huiita "mkonga", kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni hadi karibu na paa. Iliingia sokoni Novemba 1984 na Toyota haijaacha kuitengeneza hadi leo. Si ajabu basi kukuta nyuma ya nyumba ya mfanyabiashara moja iliyosimama kwa miaka, ikisubiri mwenyewe apate fedha.

Swali la mwenye gari la namna hiyo ni la kibiashara kuliko la ufundi: alifufue, au aliuze kwa bei ya skrepa na kutafuta jingine?

Sheria za uagizaji zimefanya jibu lielekee upande wa kulifufua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, ilizuia magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania haijayazuia, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa ajili ya umri wake. Kwa maneno mengine, Land Cruiser ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli isiyo na kompyuta haipatikani kirahisi kutoka nje. Zilizomo ndani ya ukanda huu ndizo zilizobaki, na bei zake hazishuki kama za magari madogo.

Hata hivyo, wengi wanaoanza kazi hii nyumbani hukosea mpangilio. Huanza na rangi na viti kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana, kisha injini, na chasisi huikumbuka mwishoni. Mpangilio huo hugharimu mara mbili, na wakati mwingine hufanya gari zima lisiweze kuvuka mpaka.

Namba iliyosagwa pamoja na kutu

Katika magari haya namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chasisi, upande wa kulia mbele, karibu na gurudumu. Hapo ndipo matope na maji hujikusanya, na ndipo kutu hupenda kuanza. Fundi asiyejua hupitisha mashine ya kusaga kutu mahali hapo, au huchomelea kipande cha bati juu yake, kisha hupaka rangi nyeusi. Chasisi inapendeza, lakini namba imekwenda.

Gari lisilo na namba ya chasisi inayosomeka, machoni mwa polisi na maofisa wa forodha, ni gari linaloshukiwa kuwa la wizi. Maelezo kwamba kilichosagwa kilikuwa kutu tu hayamsaidii dereva aliyekwama mpakani na mzigo wa mtu. Kabla ya kushika chombo chochote, sehemu ile isafishwe kwa brashi ya waya ya mkono, namba ipigwe picha, ilinganishwe na kadi ya usajili, kisha ipakwe grisi na kufunikwa. Ikiwa chuma pale kimeoza kiasi cha kuhitaji kukatwa, kazi isimame hadi mamlaka ya usajili itoe maelekezo kwa maandishi.

Baada ya hapo chasisi nzima ikaguliwe kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia; kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyokufa. Maeneo ya kutazamwa zaidi ni pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, na vyuma vya kukatisha vilivyo chini ya tenki la mafuta. Magari yaliyokaa pwani, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, yakaguliwe kwa makini zaidi. Ikibainika kuwa chasisi imeoza sehemu kubwa, hesabu imekwisha hapo, na mwenye gari ameokoa fedha zote ambazo angezimwaga kwenye injini.

Injini: kupima kabla ya kufungua

Magari mengi ya aina hii yaliyotoka kuanzia mwaka 1990 yana injini ya 1HZ, ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Yaliyotangulia, kati ya 1985 na 1990, mengi yana 2H yenye ujazo wa 3,980. Zote mbili ni dizeli zenye pampu ya kimakanika. Hiyo ndiyo sababu zinatengenezeka Mpanda au Kigoma bila mtu kutafuta kompyuta ya kusoma hitilafu.

Injini isifunguliwe kwa kuwa tu inatoa moshi. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozeli zilizochoka, na nozeli hupimwa kwenye mashine mjini bila kugusa silinda. Moshi wa buluu unaoendelea hata injini ikishapata moto ni oili inayoungua, na hapo ringi za pistoni au sili za valvu ndizo zinazoshukiwa. Moshi mweupe usiokoma, huku maji yakipungua kwenye rejeta, ni dalili ya gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Kipimo cha mgandamizo kwenye kila silinda humaliza ubishi: silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tatizo limejulikana lilipo.

Udhaifu wa 1HZ unaojulikana na mafundi wengi ni joto. Ikichemka, hedi hupinda au hupata nyufa, hasa kati ya valvu. Hedi iliyowahi kuchemka isirudishwe kabla ya kupimwa kwa mgandamizo wa maji kwenye karakana ya mashine. Kazi hiyo haifanyiki nyumbani, sawa na kuchonga krenki na kupanua silinda. Kinachofanyika nyumbani ni kufungua, kusafisha, kupima na kufunga; vya mashine vipelekwe kwa wenye mashine. Anayetaka kuokoa fedha kwa kunyoosha hedi na msasa juu ya kipande cha kioo atainunua hedi nyingine.

Katika kufunga, mambo mawili huharibu kazi za watu wengi. Gasketi ya hedi ya 1HZ hutoka kwa unene wa aina tatu, na inayofaa huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Duka likitoa aina moja tu na kusema zote ni sawa, mteja aende duka la pili. Jambo jingine ni bolti za hedi. Hukazwa kwa spana ya torki, hatua kwa hatua, kuanzia katikati kwenda pembeni, na mwisho huzungushwa kwa nyuzi zilizoandikwa kwenye kitabu cha matengenezo. Mkono wa fundi, hata awe na uzoefu wa miaka 30, si kipimo.

Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kwa desturi kila kilomita 100,000, na magari mengi yana taa kwenye dashibodi inayokumbusha. Katika gari lililosimama miaka mingi ubadilishwe bila kujali kilomita, pamoja na kapi yake ya kukazia. Ukikatika njiani, valvu hukutana na pistoni, na fedha zote zilizotumika kwenye hedi zimepotea. Injini ya 2H haina mkanda huo, inatumia gia.

Pampu ya dizeli inahitaji neno lake. Hulainishwa na dizeli ileile inayoipitisha, kwa hiyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huila taratibu. Tenki la gari lililolala lishushwe na kuoshwa, na machujio yabadilishwe, kabla injini haijawashwa mara ya kwanza. Wapo waliofunga injini safi kabisa kisha wakaiwashia dizeli ya miaka mitano yenye maji na kutu.

Injini ya mtumba na kadi ya usajili

Wengine huona heri kununua injini ya mtumba kuliko kutengeneza ya zamani. Kwa muda huenda wakawa sahihi, lakini injini hiyo ina namba yake, na kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani. Anayetoa 2H na kuweka 1HZ amebadilisha pia ujazo kutoka 3,980 hadi 4,164, na ujazo umeandikwa kwenye kadi. Dereva anapoomba kibali cha kuingiza gari kwa muda katika nchi jirani, taarifa za kadi ndizo hutumika, na ofisa ana haki ya kufungua boneti na kulinganisha.

Kwa hiyo injini inunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti na nyaraka za forodha, na mabadiliko yaandikishwe kabla ya safari: Tanzania kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, na Kenya kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Injini ya bei rahisi isiyo na karatasi ni rahisi mpaka siku ya kwanza ya kuvuka.

Springi na ekseli ya mbele

Matoleo ya kabla ya Agosti 1999 yana springi za bapa mbele na nyuma. Kuanzia hapo matoleo ya 78 na 79 yalipata springi za kuzunguka mbele, nyuma yakabaki na bapa. Springi za bapa zilizolala hubadilishwa mbili mbili kwa ekseli, pamoja na bushi na bolti zinazozikumbatia ekseli. Bolti hizo zikishafunguliwa zisirudishwe, na mpya zikazwe tena baada ya kilomita chache za mwanzo.

Wasafirishaji wengi huongeza bapa ili gari "lisilale" likiwa na mzigo. Gari halitalala, ni kweli. Lakini beringi za magurudumu, breki na ekseli hazikuongezwa kitu, na chasisi iliyokuwa ikipumzishwa na springi sasa inapokea kila shimo moja kwa moja. Nyufa nyingi zinazoonekana kwenye chasisi za magari haya karibu na springi za nyuma chanzo chake ni hicho.

Usukani unaotetemeka kwa mwendo wa kilomita 60 au 70 mara nyingi hulaumiwa kwa matairi. Yakishasawazishwa na tetemeko likabaki, zitazamwe beringi za juu na chini za kichwa cha ekseli ya mbele, pale gurudumu linapogeukia. Ndani yake mna kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu na sili inayotenganisha grisi na oili ya difu. Sili ikichoka, oili huingia na kuiosha grisi, na uji mweusi huanza kutiririka kwenye rimu. Kazi hii inafanyika nyumbani kwa siku mbili: kufungua, kuosha kwa dizeli, kubadilisha beringi na sili, na kujaza grisi mpya. Ni chafu, lakini haina mashine.

Gari liinuliwe kwa jeki na lipumzishwe juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Na injini hii ina zaidi ya kilo 300. Ishushwe kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye boriti ya chuma, si kwenye mti wa mwembe.

Gharama isiyoandikwa

Spea zinapatikana, iwe Gerezani mjini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au Kisekka mjini Kampala. Wengi huandika bei za spea kwenye daftari na kuita hiyo ndiyo gharama. Kilichosahaulika ni siku ambazo gari halifanyi kazi. Tuseme mfanyabiashara hukodi gari kwa shilingi 150,000 kwa siku, siku 12 kwa mwezi, wakati lake liko juu ya stendi. Kazi ikichukua miezi 4, amelipa shilingi 7,200,000 nje ya daftari. Ndiyo maana inafaa spea zote zinunuliwe na zikaguliwe kabla ya boli ya kwanza kufunguliwa, isipokuwa zile zinazosubiri vipimo kama pistoni na gasketi ya hedi.

Gari likishakamilika, kilomita 1,000 za mwanzo liendeshwe bila mzigo mzito na bila kukimbizwa, kisha oili na chujio vibadilishwe. Kwenye lami liachwe kwenye magurudumu mawili, kwa kuwa halina difu ya katikati, na kuvuta kwa manne kwenye barabara kavu huikaza mitambo hadi kitu kivunjike. Safari ya kwanza yenye mzigo isiwe ya kupanda Kitonga saa nane mchana. Dereva aanze na njia fupi, asimame kila baada ya saa moja, atazame maji, oili na bolti za springi, na abebe kadi mpya ya usajili ndani ya gari badala ya nakala ya ile ya zamani.